Kisu cha Mpini wa Uvungu na Ala Yake: Kifaa, Ufundi na Msamiati katika Migori na Homa Bay

Utangulizi

Kisu ni kifaa kilicho karibu na mkono wa binadamu kuliko vifaa vingi, na pengine ndiyo sababu huchunguzwa kwa nadra. Mvuvi anayeparua magamba ya ngege katika ufuo wa Mbita, mkata miwa wa Awendo, mchinjaji wa Rongo na mama apikaye nyumbani Kendu Bay wote hukitegemea. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili akiombwa kutaja sehemu za kisu, aghalabu hutaja makali, ncha na mpini, kisha husita. Mahali ambapo chuma huingia katika mpini hapana jina kinywani mwake. Pete inayozuia mpini usipasuke nayo haina jina. Na ala, ambayo ndiyo nyumba ya kisu, huitwa "kava" au "mfuko" tu.

Makala haya yanaeleza aina moja mahususi ya kisu, yaani kisu cha kujinusuru chenye mpini wa uvungu, pamoja na namna ya kukitengenezea ala inayokifaa. Aina hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kifaa ambacho kasoro yake imejificha: kwa nje huonekana imara kuliko vingine, ilhali ndani kina udhaifu unaoweza kumgharimu mtumiaji kiganja chake. Pili, ni kifaa kilichotoka ng'ambo bila jina la Kiswahili. Kwa hiyo kinampa mwanafunzi wa lugha nafasi ya kupima iwapo msamiati wa kale wa wahunzi unaweza kubeba kitu kipya. Maeneo ya Migori na Homa Bay yametumiwa kuwa uwanja wa mjadala kwa kuwa historia ya makali katika sehemu hizo ni ndefu mno, na kwa kuwa lugha kadhaa hukutana huko: Kidholuo, Kikuria, Kisuba, Kiswahili na nyinginezo.

Makali ya kale katika Nyanza Kusini

Kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo serikali zake zilianza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, zamani zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nyanza Kusini. Umri wa mipaka hiyo ni mdogo sana ukilinganishwa na umri wa visu vya eneo lenyewe. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha matokeo ya uchimbuaji uliofanywa Nyayanga, katika Rasi ya Homa, na kundi la wataalamu lililoongozwa na Thomas Plummer. Hapo zilipatikana zana za mawe 330 za mtindo uitwao Oldowan, zenye umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Pamoja nazo ilikuwamo mifupa ya viboko wasiopungua watatu, na baadhi ya mifupa ilikuwa na alama za kukatwa. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kwamba baadhi ya mawe yaliyotumiwa Nyayanga yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13, kwa kuwa mawe ya karibu hayakuwa magumu vya kutosha.

Matokeo hayo yanaipa uzito mpya methali isemayo kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ngozi ya kiboko haipasuki kwa kucha wala kwa meno. Aliyepata ukingo mkali wa jiwe ndiye aliyepata mnofu. Hata hivyo, zana hizo hazikuwa na mpini. Kiganja chenyewe ndicho kilichokuwa mpini, na hapakuwa na ala. Fikra ya kuunganisha kitu kikali na kishikio ilikuja baadaye sana, na tangu ilipokuja tatizo limebaki lile lile: kiungo baina ya makali na mpini ndicho mahali kisu kinapofia.

Enzi ya chuma nayo imeacha alama. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililomo katika Kaunti ya Migori, liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Inaaminika kwamba lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake, zenye urefu wa kwenda juu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa wastani wa mita 1, zilipangwa bila udongo wala saruji ya kushikanishia. Miongoni mwa mabaki yaliyopo hapo ni mahali palipofuliwa chuma. Kaskazini mwa Ghuba ya Winam, wahunzi wa Samia walijulikana kwa majembe yao yaliyobadilishanwa na watu wa pande mbalimbali za ziwa. Kwa hiyo wenyeji wa Nyanza Kusini hawakungoja kuletewa makali na meli. Kidholuo kina majina yake ya vifaa hivyo: kisu huitwa pala na upanga huitwa ligangla.

Katika miji ya leo kazi hiyo inaendelezwa na mafundi wa jua kali. Chuma wanachopenda ni springi za magari makuukuu, kwa kuwa chuma hicho kina kaboni ya kutosha kukubali kufanywa kigumu. Fundi hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, hukifua juu ya fuawe kwa nyundo huku amekishika kwa koleo, kisha hukitumbukiza ghafla katika mafuta ili kiwe kigumu. Baada ya hapo hukipasha tena moto mdogo ili kisiwe kama kioo, yaani kigumu lakini chepesi kuvunjika. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa na fundi mwenye haraka, na ndiyo humtofautisha mhunzi na mpiga chuma.

Sehemu za kisu na majina yake

Kabla ya kueleza mpini wa uvungu, ni lazima kueleza kisu cha kawaida. Sehemu ya chuma inayokata ina makali upande mmoja na mgongo upande wa pili. Ubavu wake mpana huitwa bapa. Mwisho wake wa mbele ni ncha. Nyuma ya bapa kuna ulimi wa chuma usioonekana, unaoingia ndani ya mpini. Sehemu hiyo huitwa msuka. Jembe la mkono la kienyeji nalo lina msuka unaopenya mpini. Mahali msuka unapoingilia, mafundi wa zamani waliuzungushia mpini pete ya chuma au shaba ili mti usipasuke. Pete hiyo huitwa noleo. Neno hili lina maana nyingine pia, kwani hutumika kutajia kifaa cha kunolea. Muktadha ndio unaotenga maana hizo mbili.

Msuka ndio roho ya kisu. Katika visu vilivyo imara zaidi, msuka una upana na urefu sawa na mpini wote, na vipande viwili vya mbao au pembe hubanwa kila upande kwa ribiti. Katika visu vingine msuka ni mwembamba lakini hupita ndani ya mpini mpaka nyuma, ambako hupindwa au kufungwa kwa nati. Visu vya rahisi vina msuka mfupi uliozamishwa katika mti na kushikizwa kwa gundi. Methali ya Kiswahili husema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Fundi angeweza kuongeza kwamba hata shoka lenye mpini halichanji ikiwa msuka wake umelegea.

Chimbuko la mpini wa uvungu

Kisu cha mpini wa uvungu kina mpini wa bomba la chuma au aluminiamu ulio wazi ndani. Nyuma ya mpini kuna kifuniko cha kuzungusha chenye pete ya mpira ya kuzuia maji, na mara nyingi juu ya kifuniko huwekwa dira ndogo. Ndani ya uvungu hutiwa vitu vya dharura: viberiti vilivyopakwa nta, ndoano, uzi wa nailoni, sindano, risasi za kuzamishia uzi na vidonge vya kusafishia maji. Mgongo wa kisu mara nyingi huchongwa meno ya msumeno. Nia ni kwamba askari au rubani aliyepotea na kupoteza mzigo wake wote abaki na kitu kimoja chenye mahitaji ya siku za mwanzo.

Umbo hili lilipata sifa Marekani katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, pale fundi Bo Randall wa Florida alipotengeneza visu vya namna hiyo vilivyonunuliwa na wanajeshi. Hata hivyo, lililokieneza kisu hicho duniani kote ni sinema. Mwaka 1982 ilitolewa filamu ya First Blood, ambamo Sylvester Stallone aliigiza mhusika aitwaye Rambo. Kisu kilichotumiwa kilitengenezwa na Jimmy Lile wa Arkansas. Filamu ya pili ilifuata mwaka 1985. Baada ya hapo viwanda vya nchi mbalimbali vilitoa nakala za bei nafuu kwa wingi, na nakala hizo ndizo zilizowafikia watu wengi zaidi kuliko visu halisi vya mafundi.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia ni njia iliyofuatwa na jina lenyewe. Katika Kiswahili cha Tanzania, neno rambo lilikuja kumaanisha mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, kwa sababu ya picha ya mhusika huyo iliyochapishwa juu ya mifuko. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini neno halikufutwa kwa sheria. Basi jina la mwenye kisu likaingia katika Kiswahili, ila halikukaa juu ya kisu. Kisu chenyewe kilibaki bila jina.

Mahali kisu kinapovunjikia

Tatizo la kisu hiki linatokana na sifa yake kuu. Ili mpini uwe na nafasi ya kuwekea vitu, msuka hauna budi kukatwa ukawa mfupi. Katika nakala nyingi za rahisi msuka una sentimita mbili au tatu tu, nao hushikizwa kwenye mpini kwa nati, kwa pini au kwa gundi.

Hesabu ya wenzo inaonyesha madhara yake. Chukua kisu chenye bapa la urefu wa sentimita 20. Mtu akibania ncha katika mwanya wa gogo na kusukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 20, nguvu hiyo huzidishwa na urefu wa bapa kisha hugawanywa kwa urefu wa msuka. Msuka wenye sentimita 11 utabeba mzigo wa takriban kilo 36. Msuka wenye sentimita 3 utabeba takriban kilo 133. Hayo ni makadirio, lakini yanatosha kueleza kwa nini kisu kinachoonekana cha kutisha dirishani mwa duka huachana na mpini wake siku ya kwanza ya kupasulia kuni. Jambo la hatari zaidi ni kwamba kisu hakiachani na mpini kikiwa kimetulia. Huachana wakati mkono unasukuma kwa nguvu zote, na kiganja huendelea mbele kuelekea kwenye chuma kilichovunjika.

Kuna mambo mengine mawili yanayozidisha udhaifu. La kwanza ni kona. Pale bapa linapopungua ghafla na kuwa msuka, kona ikiwa kali kama ya sanduku nguvu hukusanyika hapo na ufa huanzia hapo. Kona iliyoviringwa huisambaza. La pili ni meno ya mgongoni. Kila shimo kati ya jino na jino ni mwanzo wa ufa unaowezekana, na katika bapa nene meno hayo hayakati mti vizuri kwa kuwa hukwama. Dira ya kifuniko nayo haiaminiki ikiwa imezungukwa na chuma, kwani sumaku hufuata kilicho karibu nayo.

Wapo waliotafuta dawa. Chris Reeve, fundi aliyeanzia kazi Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kuhamia Idaho, Marekani, mwaka 1989, alikuwa akichonga bapa na mpini kutoka katika pande moja la chuma, kisha akitoboa uvungu ndani ya mpini huo. Kisu cha namna hiyo hakina kiungo, hivyo hakina mahali pa kuachana. Lakini kazi hiyo hula chuma kingi na muda mwingi, na bei yake huwa juu. Inafaa kukumbuka pia kwamba uvungu wenyewe si adui. Mikuki mingi ya Afrika Mashariki ina kichwa cha chuma chenye uvungu kwa nyuma, na mti huingia ndani yake. Hapo chuma ndicho kinachoukumbatia mti kwa urefu wa kutosha, nacho hushika imara. Kosa la nakala za rahisi ni ufupi wa msuka, wala si utupu wa mpini.

Kwa mvuvi wa Muhuru Bay au Sindo, somo ni la moja kwa moja. Kisu cha kupasulia mbuta na cha kukatia kamba ya nyavu kiwe na msuka mrefu. Ndoano na viberiti vinaweza kukaa katika kikopo chenye kifuniko kisichopitisha maji. Anayekipenda kisu cha mpini wa uvungu akiweke kwa kazi nyepesi za kukata, asikifanye shoka wala mtaimbo.

Ala: nyumba ya kisu

Ala ina kazi tatu: kumlinda mtu dhidi ya makali, kuyalinda makali dhidi ya mawe na kutu, na kukishika kisu kisianguke. Kwa mvuvi anayeruka kutoka mashuani, kazi ya tatu si ndogo, kwani kilichoanguka ziwani hakirudi.

Kisu cha mpini wa uvungu kina mahitaji yake mahususi. Mpini wake ni wa mviringo na mara nyingi ni mzito kuliko bapa, hasa ukijazwa vitu. Kikitiwa katika ala fupi, uzito wa mpini hukipindua na kukitoa nje mtu anapoinama. Kwa hiyo ala yake ni lazima iwe na ukanda wa kufunga mpini, na ukanda huo ukae juu ya kinga ya mkono. Meno ya mgongoni nayo hukereza ngozi na kukata uzi. Ala yake isipowekewa ubao mwembamba au plastiki kwa ndani, itaharibika kabla ya mwaka kwisha.

Ngozi inayofaa ni ya ng'ombe iliyodabaghiwa kwa magamba ya miti kama muwati, yenye unene wa milimita tatu hivi. Ngozi iliyodabaghiwa kwa kemikali za kromu ni laini na haikubali kushika umbo, nayo inaweza kuacha chumvi zinazoleta kutu. Fundi huanza kwa kukilaza kisu juu ya karatasi na kukichora, kisha huongeza nafasi ya kushonea. Kanuni ya mafundi ni kuongeza upana wa sentimita moja na nusu au zaidi upande wa makali, kwa sababu ala inayobana mno hupasuka na inayolegea mno haishiki kitu.

Hatua inayosahaulika na wanaoanza ni kuweka ukanda wa ngozi katikati, baina ya kuta mbili za ala, upande wa makali. Bila ukanda huo makali hukutana na uzi moja kwa moja, na siku moja kisu hutokea ubavuni mwa ala na kuingia pajani mwa mwenyewe. Ukanda huo ukiwapo, makali hukutana na ngozi nene kabla ya kuufikia uzi. Tabaka zote tatu hugundishwa, hutobolewa kwa msharasi katika mstari ulionyooka, kisha hushonwa kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki. Mshono bora hutumia sindano mbili, kila moja ikipita katika tundu lile lile kutoka upande wake, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono mzima usifumuke.

Baada ya kushona, ala hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache. Kisu hupakwa mafuta, huzungushiwa nailoni nyembamba, kisha hutiwa ndani, na ngozi hubonyezwa kwa vidole mpaka ifuate umbo la kisu. Kisu huchomolewa kwa uangalifu na ala huachwa ikauke kivulini kwa siku moja au mbili. Ikianikwa juani au karibu na jiko hukakamaa na kupasuka. Mwishoni hutobolewa tundu dogo karibu na ncha ili maji yatoke, na hufungwa kitanzi cha mshipi. Mtu wa mkono wa kushoto hutengenezewa ala iliyogeuzwa. Ala ya kulia kwenye nyonga ya kushoto humlazimisha kupindua kifundo cha mkono kila anapochomoa.

Ufukweni, ambako unyevu haukatiki, ngozi ina hasara yake. Hunywa maji na kuyashikilia ubavuni mwa chuma. Njia mbadala ya gharama ndogo ni bomba la plastiki la maji. Kipande cha bomba hupasuliwa kwa urefu, hupashwa moto taratibu mpaka kilainike, hulazwa na kukunjwa juu ya kisu kilichofunikwa kwa kitambaa, kisha hubanwa kati ya mbao mbili mpaka kipoe. Baada ya hapo hutiwa ribiti. Tahadhari ni kwamba plastiki hiyo haipaswi kuguswa na ndimi za moto. Ikianza kubadilika rangi hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe nje, penye upepo.

Kukusanya, kutunza na kutii sheria

Wapo wanaonunua visu vya namna hii kwa ajili ya kuvikusanya. Mkusanyaji makini hutazama mambo manne: alama ya mtengenezaji iliyopigwa juu ya bapa, hali ya kiungo, kifuniko na vilivyomo, na ala ya asili. Kisu kilichoachana na ala yake ya kwanza hupoteza sehemu kubwa ya thamani, kwa kuwa ala ndiyo inayothibitisha kilikotoka. Lakini katika kuhifadhi, mambo hugeuka. Kisu na ala yake huwekwa pamoja bila kuingizwa kimoja ndani ya kingine. Dawa za kudabaghi zilizomo ndani ya ngozi huitia chuma madoa meusi na huitia shaba kutu ya kijani. Bapa hupakwa mafuta mepesi na kuzungushiwa karatasi, na ndani ya uvungu hukaguliwa, kwa sababu kutu inayoanzia humo haionekani mpaka msuka umekwisha kuliwa.

Kuna suala la sheria pia. Kisu cha kujinusuru ni chombo cha kazi, lakini mbele ya umati huonekana kuwa silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya, Sura ya 56, inafanya kuwa kosa kuwa na silaha ya hatari katika mkusanyiko wa watu bila idhini halali. Aliyekivaa kisu mshipini akitoka mashuani anapaswa kukiacha kabla ya kwenda kwenye mkutano.

Sheria ya pili inawahusu zaidi wapenzi wa vitu vya kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kitu chochote cha kubebeka, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa kitu cha kale kinacholindwa. Mkulima wa Nyatike akiibua bapa la chuma shambani, au mtoto wa Rasi ya Homa akiokota jiwe lenye ukingo uliopasuliwa, kitu hicho hakifai kuingia katika sanduku la mkusanyaji. Zaidi ya sheria, kuna hasara ya elimu. Jiwe lililotolewa mahali pake bila kuandikwa lilipolala haliwezi tena kumwambia mtafiti lilikuwa pamoja na mifupa gani.

Kukipa kisu jina

Suala la istilahi linahitaji kujadiliwa kwa uwazi, kwani jina baya huzaa matumizi mabaya. Majina manne yanaweza kupendekezwa. "Kisu cha kujihami" kinapotosha, kwa kuwa kinakifanya kisu kuwa silaha ya kupigania, na kinamweka mbebaji pabaya mbele ya sheria. "Kisu cha kuokoka" kinaeleweka, lakini nchini Kenya kuokoka kumeshikamana mno na maana ya kidini, na msikilizaji anaweza kucheka badala ya kuelewa. "Kisu cha dharura" ni chepesi, ila hakitofautishi kisu hiki na kifaa chochote cha kuvunjia kioo cha basi. "Kisu cha kujinusuru" kinabeba wazo la mtu kujitoa hatarini kwa juhudi zake, na ndicho kilichotumiwa hapa.

Kuhusu mpini, "mpini mtupu" huleta utata, kwani humaanisha pia mpini usio na kisu. "Mpini wenye tundu" hudokeza shimo lililotoboka kutoka upande mmoja hadi mwingine. "Uvungu" hutaja nafasi iliyo wazi ndani au chini ya kitu, kama uvungu wa mti mkongwe au wa kitanda, na mtu huficha vitu humo. Maana hiyo inalingana kabisa na kazi ya mpini huu. Ama neno ala, linafaa kulindwa. Ni kweli kwamba lipo neno jingine la umbo hilo hilo lenye maana ya chombo, kama katika ala za muziki, lakini sentensi huyatenganisha bila shida. Hakuna anayechomoa upanga kutoka katika ngoma.

Mfano huu unaonyesha kwamba Kiswahili hakikuwa na pengo la maneno. Msuka, noleo, bapa na ala yalikuwapo kabla ya Randall kuwasha tanuri lake. Kilichopungua ni matumizi. Hali ni nzito zaidi kwa lugha jirani. Kisuba, lugha ya Kibantu inayohusishwa na visiwa vya Mfangano na Rusinga na nyanda za Gwassi, kimepoteza wazungumzaji wengi waliohamia Kidholuo. Lugha inapoachwa, majina ya jumla kama maji na nyumba huweza kudumu katika kumbukumbu za watu, lakini majina ya pete ya mpini na ulimi wa chuma hutoweka pamoja na fundi wa mwisho aliyeyahitaji.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kisu cha mpini wa uvungu ni kifaa cha hila nzuri chenye gharama iliyofichika, kwamba gharama hiyo imo katika urefu wa msuka, na kwamba ala bora hutegemea ukanda wa katikati, mshono wa sindano mbili na ufungaji wa mpini. Yameonyesha pia kuwa mkusanyaji ana wajibu mbele ya sheria na mbele ya historia ya eneo.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuna kazi inayoweza kufanywa bila fedha nyingi. Kila anayemtembelea fundi wa chuma au mshona ngozi huko Migori, Rongo, Oyugis au Homa Bay aandike, kwa kila kifaa, jina la sehemu zake katika lugha ya fundi, jina hilo kwa Kiswahili kama lipo, kazi ya kila sehemu, na mahali na tarehe aliposikia. Aanze na sehemu zisizoonekana. Makali yatajwa na kila mtu. Msuka, uliofichwa ndani ya mpini, hujulikana na aliyeutia humo, na mafundi hao wanazeeka.